Nyumba isiuzwe, watoto wapate kula: njia nne za kujilinda kabla kesi ya ndoa haijaisha

Jumapili moja asubuhi mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anaanika nguo uani, akamwona dalali anaingia na wanaume wawili asiowajua. Mmoja akaanza kupima uwanja kwa hatua, anahesabu kwa sauti ndogo. "Samahani dada," dalali akasema, "tumeambiwa nyumba hii inauzwa." Mumewe alikuwa ameondoka miezi mitatu nyuma. Watoto watatu, mmoja darasa la saba.

Kesho yake akanijia na mfuko wa rambo: cheti cha ndoa, nakala ya hati miliki yenye jina la mume peke yake, na daftari la kaunta. Kazi yangu ni msaada wa kisheria, na swali lake la kwanza ndilo ninalolisikia kila wiki: "Nikafungue kesi ya talaka?" Nami nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mtu kabla hatujagusa karatasi: kati ya hivi vyote, kipi kitapotea kwanza?

Talaka inaweza kusubiri. Mgawanyo wa mali nao, utake usitake, utasubiri, kwa sababu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, si kabla. Lakini mnunuzi hasubiri, na ada ya shule haisubiri. Kwa kipindi hiki cha katikati kuna njia nne ambazo watu huzichanganya sana: makubaliano ya maandishi ya kutengana, amri ya matunzo, zuio la muda la mahakama, na zuio linalowekwa kwa Msajili wa Hati, yule ofisa wa serikali anayetunza daftari la hati za ardhi. Nimewaona watu waliopata moja wakadhani wamepata zote nne, wakashtuka baadaye.

Ninayoyaandika hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Zanzibar sheria hii haitumiki, na kwa Waislamu wa huko masuala haya huenda Mahakama ya Kadhi.

Na kama unapigwa au unatishiwa kuuawa, acha kusoma kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, ukatibiwe. Mali tutaizungumzia ukiwa salama.

Vipimo tutakavyotumia

Nitaipima kila njia kwa mambo yale yale matano. Inalinda nini hasa. Inakudai nini kabla ya kuanza. Kasi na gharama yake. Meno yake, maana yake mwenzako akikaidi itamfanya nini. Mwisho, inamfaa nani.

Kipimo cha pili ndicho kinachowakwamisha wengi, kwa hiyo nikieleze mapema. Kifungu cha 101 kinamtaka anayeomba talaka apeleke kwanza mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la dini yenu. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati kwenye Fomu Na. 3, na siku unapofungua shauri la talaka hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi 6 iliyopita. Mitaani hili limegeuka kuwa imani kwamba bila Fomu Na. 3 huwezi kuomba chochote mahakamani. Si kweli. Kifungu kile kinazungumzia talaka. Mama mwenye watoto wenye njaa hapaswi kuzungushwa miezi mitano kwenye vikao vya baraza ndipo aruhusiwe kuomba matunzo, na inaniuma kila ninapomkuta aliyezungushwa hivyo.

Njia ya kwanza: makubaliano ya maandishi ya kutengana

*Inalinda nini.* Chochote mtakachoandika: nani abaki nyumbani, nani alipe ada, duka liendeshwe na nani, gari litumikeje, na kwamba hakuna atakayeuza wala kuweka rehani mali fulani hadi mtakapofika mwisho. Sheria ya Ndoa inatambua kwamba mume na mke wanaweza kukubaliana kuishi mbalimbali. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne yenye upana huu. Hakimu anaamua kile tu alichoombwa, ninyi mnaweza kuandika hadi nani abaki na jokofu.

*Inakudai nini.* Watu wawili wanaoweza kukaa meza moja, au angalau wanaokubali mshenga, mzee wa ukoo, shehe, mchungaji au wakili akae katikati yao. Andikeni mali kwa kuzitambulisha: namba ya hati au ya kiwanja, namba ya gari, jina la benki. "Nyumba ya kule" haitambulishi kitu. Sainini mbele ya wakili, na mashahidi wawe wa pande zote mbili.

*Kasi na gharama.* Inaweza kukamilika kwa siku moja. Gharama ni ya wakili, kama mtamtumia.

*Meno.* Hapa ndipo palipo na unyonge. Karatasi ile ni mkataba. Mwenzako akiacha kulipa, huna askari wala dalali wa mahakama wa kumtuma. Unaenda mahakamani na makubaliano yako kama ushahidi ndipo uombe amri. Kuhusu watoto, mahakama haifungwi na mlichoandika, inaweza kubadili kipengele chochote kwa maslahi ya mtoto. Na mnunuzi wa nyumba ambaye hakuwahi kuiona karatasi yenu hatazuiwa nayo.

*Inamfaa nani.* Wanaoheshimiana bado japo ndoa imewashinda, hasa wenye biashara ya pamoja. Nimesimamia makubaliano ya wanandoa wa duka la vipuri: mume alibaki na duka, mke akawa anapokea kiasi fulani kila Ijumaa kwa simu. Walidumu hivyo hadi hukumu bila hata siku moja ya kugombana mbele ya watoto. Haimfai mtu anayemwogopa mwenzake. Saini ya woga si makubaliano, hata ikigongwa muhuri.

Njia ya pili: amri ya matunzo

*Inalinda nini.* Chakula, malazi, mavazi, matibabu, shule. Kwa kifungu cha 115 mahakama inaweza kumwamuru mume amtunze mke pale alipokataa au kupuuza kumtunza, alipomtelekeza, na pia wakati shauri lolote la ndoa linaendelea. Mke naye anaweza kuamriwa amtunze mume, lakini kwa sharti zito zaidi: mume awe hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au ulemavu wa mwili au akili.

Matunzo ya watoto yana mlango wake wa peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mzazi, mlezi, ndugu, ofisa ustawi wa jamii, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu wa kumwakilisha, kuomba matunzo ya mtoto. Huko hakuna anayeuliza kama ndoa imevunjika au kama baraza limeshindwa. Mtoto anakula leo.

*Inakudai nini.* Kwa matunzo yaliyotokana na kutelekezwa, huhitaji kesi ya talaka wala Fomu Na. 3. Unachohitaji ni kuthibitisha mambo mawili, mahitaji yako na uwezo wa mwenzako. Kifungu cha 116 kinaiongoza mahakama iangalie kipato na mahitaji ya kila upande, kiwango cha lawama ya kila mmoja katika kuvunjika kwa ndoa, na mila za jamii yenu.

Nirudi kwenye daftari la yule mama. Alikuwa ameandika kila siku, kwa kalamu ya bluu, kila kitu alichonunua: unga, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, nauli ya mtoto wa darasa la saba, dawa ya kifua. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika tarehe mume alipotuma hela kwa simu na kiasi. Kurasa za mwezi wa kwanza zilikuwa na wekundu mara nne. Mwezi wa pili mara moja. Mwezi wa tatu hapakuwa na wekundu. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kusema hivyo mbele ya hakimu. Kama hujaanza daftari lako, anza leo jioni.

Kwa upande wa kipato, mwajiriwa ni rahisi, kuna hati ya mshahara. Mfanyabiashara ni mgumu, atasema biashara mbaya. Lete leseni ya biashara, picha za duka likiwa na bidhaa, majina ya watu wanaomfahamu kibiashara, miamala ya simu uliyonayo kihalali. Usivunje simu ya mtu kutafuta ushahidi, utajiletea kesi nyingine.

*Kasi na gharama.* Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kuanza kusikiliza mashauri ya ndoa, kwa hiyo unaweza kuanza iliyo karibu nawe. Matunzo ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto huenda Mahakama ya Watoto, na ofisi ya Ustawi wa Jamii husaidia kuandaa maombi. Ni njia unayoweza kuifuata bila wakili kwa msaada wa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke kimeweka ngazi mbalimbali za mahakama mahali pamoja, na hilo linaokoa nauli nyingi.

*Meno.* Amri isipotekelezwa unaomba ikaziwe, yaani mahakama ilazimishe itekelezwe, na mali au mapato ya mdaiwa yanaweza kufikiwa. Mwenye mshahara hana pa kujificha. Mwenye kazi za kuhamahama ana pa kujificha, na lazima useme ukweli huo moyoni mwako kabla hujajenga matumaini yote hapo. Hali ikibadilika, kwa mfano akapoteza kazi au wewe ukapata, upande wowote unaweza kuomba kiwango kibadilishwe.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye tatizo lake la leo ni jikoni na shuleni. Lakini shika hili: amri ya matunzo haizuii nyumba kuuzwa. Unaweza kuwa unapokea hela kila mwezi huku kiwanja kinabadilishwa jina.

Njia ya tatu: zuio la muda la mahakama

*Inalinda nini.* Hali ilivyo ibaki ilivyo. Mahakama inaweza kumkataza mwenzako kuuza, kuhamisha, kuweka rehani au kuharibu mali hadi shauri liishe. Nyumba, gari, mashine za kusaga, ng'ombe, fedha benki, vyote vinaweza kuguswa, na si ardhi peke yake. Sheria ya Ndoa pia inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mwenzi asimsumbue mwenzake na kumlazimisha kuwa naye.

*Inakudai nini.* Mengi kuliko njia zote. Kwanza lazima kuwe na shauri la msingi ambalo zuio linaegemea. Shauri hilo linaweza kuwa la kutengana kisheria au la talaka. Likiwa la talaka, ndipo Fomu Na. 3 inapokudai. Kuna hali ambazo sheria inakuruhusu kuruka baraza: mwenzako hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi, aliitwa na baraza akakataa makusudi kwenda, au kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Yaeleze kwenye shauri lako kwa maneno ya wazi, usimwachie hakimu kubahatisha.

Pili, lazima uvuke mizani mitatu iliyowekwa katika kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, ambayo mawakili wetu huitaja karibu kila wanapoomba zuio. Kuwe na hoja nzito ya kuamuliwa yenye dalili ya kushinda. Kuwe na madhara yasiyoweza kufidiwa kwa fedha usipopewa zuio. Na ukipima usumbufu wa pande mbili, wa kwako uwe mkubwa zaidi. Watu huanguka kwenye mzani wa pili. Wanaandika kwenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia ukiomba zuio, "nitapata hasara kubwa" basi. Hasara ipi? Andika: nyumba hii ndiyo makazi ya watoto watatu, mmoja anafanya mtihani mwaka huu, dalali alikuja tarehe fulani na watu wawili, huyu hapa jirani aliyewaona. Kiapo chenye tarehe na majina kinasomwa kwa jicho lingine.

*Kasi na gharama.* Ukileta maombi chini ya hati ya dharura, mahakama inaweza kukusikiliza upande mmoja kwanza na kutoa amri ya kushikilia mambo hadi mwenzako aitwe. Nje ya dharura, kuna kujibu, kujibu majibu, na mapingamizi. Hapa wakili ni wa muhimu, na wakili ni fedha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, zuio la aina hii hutolewa kwa muda usiozidi miezi 6, linaweza kuongezwa, ila jumla yake isizidi mwaka mmoja. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani. Nimeshuhudia zuio likifa kimya kimya kwa sababu mleta maombi alidhani linaendelea hadi hukumu, na gari likauzwa wiki ya pili yake.

*Meno.* Makali kuliko yote. Anayevunja zuio anaweza kukamatiwa mali, hata kuwekwa jela kama mfungwa wa madai. Lakini amri iliyolala kwenye jalada haimzuii mtu. Ukishaipata, chukua nakala zilizothibitishwa ukazipeleke: kwa mwenzako kwa utaratibu wa mahakama, kwa benki, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kama ni gari, kwa serikali ya mtaa, na kwa yule dalali. Mfikishie dalali mkononi, asaini kwamba amepokea. Dalali akishasaini, biashara ile imekufa kwake.

*Inamfaa nani.* Mwenye mali inayohamishika kirahisi ambayo hakuna daftari la serikali la kuizuia, mwenye ushahidi wa mpango wa kuuza, na mwenye uwezo wa kuendesha shauri la msingi. Linafaa wanaume sawasawa na wanawake. Mzee mmoja alinijia kwa sababu viwanja alivyonunua kwa mafao yake viliandikwa jina la mkewe ili kukwepa ugomvi na watoto wa nyumba ya kwanza, na sasa mke anaviuza kimoja kimoja. Shida yake na ya yule mama wa Jumapili ni ile ile.

Njia ya nne: zuio kwa Msajili wa Hati

*Inalinda nini.* Nyumba ya ndoa iliyo kwenye ardhi iliyosajiliwa. Hapo tu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwenye jina kwenye nyumba ya ndoa haruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo, na mwenzake anahesabiwa kuwa na maslahi yanayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi. Kwa upande wa rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa ya mwenzi, na inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenzi.

Watu huuliza: kama sheria tayari inakataza, zuio la nini tena? La kumnyima mnunuzi neno moja, "sikujua." Nyumba ikiuzwa bila ridhaa, haki yako ya kuendelea kukaa inaendelea hata kwa mnunuzi, isipokuwa kama hakujua kuhusu haki yako na asingeweza kujua hata angefanya uchunguzi wa kawaida. Zuio likishaandikwa kwenye daftari, anayefanya upekuzi wa hati analikuta. Baada ya hapo hawezi kusema hakujua.

*Inakudai nini.* Cheti cha ndoa au ushahidi mwingine wa ndoa, maelezo ya hati kwa namba yake, na kiapo kinachoeleza maslahi yako. Hakuna kesi inayotakiwa kwanza, hakuna baraza. Kama huna namba ya hati, fanya upekuzi kwanza. Wanawake wengi hawajawahi kuishika hati ya nyumba wanayoifagia kila asubuhi. Ukipata nafasi ya kupiga picha ukurasa wa kwanza, piga.

*Kasi na gharama.* Ni haraka na nafuu ukilinganisha na mahakama. Yule mama alianza na hili. Jumatano alikuwa ameshapokelewa maombi yake.

*Meno.* Msajili hatasajili uhamisho unaopingana na zuio lako. Mwenye hati atapewa taarifa, na anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba uitwe ueleze kwa nini lisiondolewe. Jiandae kwa siku hiyo, kwa maana usipokwenda unaweza kulipoteza. Zuio hili halimzuii mtu kukufokea, halileti hela ya unga, halimgusi mpangaji aliyekwishaingia.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba yenye hati. Na hapa ndipo maelfu ya familia zetu zinapobaki nje. Nyumba nyingi mijini na karibu zote vijijini zinasimama kwa karatasi ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa au ya kijiji, haziko kwenye daftari la Msajili kabisa. Kwa nyumba hizo njia ya nne haipo. Kinachobaki ni zuio la mahakama, na wakati unalitafuta, barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji ikiwaarifu kwamba nyumba ni ya ndoa, hujaridhia kuuzwa, wasishuhudie mauziano yoyote. Barua hiyo si amri, lakini mauziano ya mtaani hutegemea mhuri wa ofisi ile, na kiongozi mwenye barua yako ya kupokelewa kwenye jalada lake huogopa kugonga. Baki na nakala iliyogongwa "imepokelewa" na tarehe. Nakala hiyo hiyo itakuwa ushahidi kwamba mnunuzi aliyepita ofisini angeweza kujua.

Kwa walioishi pamoja bila cheti

Swali hili huja kila mara kwa sauti ya chini. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi hadi jamii ikawatambua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa walikuwa na ndoa, japo dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikipingwa na ikashindwa, sheria bado inampa mwanamke njia ya kuomba matunzo yake na ya watoto. Kwako wewe amri ya matunzo na zuio la mahakama ndizo njia za kuanzia, maana mahakama inaweza kupima ushahidi wa majirani, picha, kadi za kliniki. Kwa Msajili bila cheti utapata shida kubwa zaidi.

Kuhusu mchango wako

Hakuna amri yoyote kati ya hizi inayosema nyumba ni ya nani. Hilo ni la mwisho wa kesi. Ila kipindi hiki ndicho cha kukusanya ushahidi wa mchango, na usijidharau kwa sababu hukuwa na mshahara. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, zinahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Kiasi gani, hilo ni la ushahidi. Risiti za saruji, jina la fundi, shahidi aliyekuona unabeba maji ya kujengea, vyote viweke.

Kwa hali yako

Kama mwenzako bado anapokea simu na anaogopa aibu ya mahakama, anzeni na makubaliano, lakini mke au mume asiye na jina kwenye hati aweke pia zuio kwa Msajili kwa ridhaa ya wote wawili. Mwenye nia njema hatalikataa.

Kama hela imekata na watoto wako shuleni, matunzo kwanza, na ya watoto ukiweza yaende Mahakama ya Watoto wiki hii hii. Usiyafunge ndani ya kesi ya talaka ambayo huna uhakika nayo.

Kama nyumba ina hati na kuna harufu ya kuuzwa, Msajili kesho asubuhi, mahakama baadaye. Kama nyumba haina hati, barua kwa serikali ya mtaa leo, na maombi ya zuio chini ya hati ya dharura mara shauri la msingi likiwa tayari.

Kama mali ni gari, mifugo, bidhaa za duka au fedha, ni zuio la mahakama, maana Msajili hana daftari la ng'ombe.

Kama hujaamua bado kama unataka talaka, na wengi mnaonijia hamjaamua, chagua kati ya makubaliano, matunzo na zuio la Msajili. Zote tatu zinakuacha na mlango wa kurudiana ukiwa wazi.

Kama wewe ndiye mwenye jina kwenye hati na mwenzako ameweka zuio, usilichukulie kuwa vita. Linakuzuia kuuza tu, halikunyang'anyi umiliki. Kama kuuza ni kwa lazima, kwa mfano kulipia matibabu au deni la benki, mwombe ridhaa kwa maandishi ukieleza fedha zitakwenda wapi. Akikataa bila sababu, peleka barua hiyo mahakamani.

Na ukiwa na shida mbili kwa pamoja, omba mbili. Yule mama aliweka zuio kwa Msajili Jumatano, akafungua maombi ya matunzo ya watoto wiki iliyofuata, na baraza la kata akaenda kwa wakati wake, bila kukimbizwa na dalali.